Achilles alikikimbilia kifo, Gilgamesh alikikimbia, mi nilifanya yote mawili

Mwaka 2016 niligombana na bosi kwa ajili ya gari. Leo nasema lilikuwa gari tu, chuma, lakini kipindi kile kwangu lilikuwa zaidi ya gari. Nililipokea mwenyewe bandarini halijafikisha hata kilomita mia mbili, viti bado vina nailoni, nikaliendesha miezi minane Dar Tunduma, Dar Kitwe kule Zambia, halijakwaruzika hata kioo cha pembeni, halafu siku narudi yadi na mzigo wa shaba, hata kuoga sijaoga, msimamizi ananiambia funguo weka hapo mezani, hilo kuanzia kesho anaendesha mtoto wa dada yake bosi, wewe chukua lile la zamani. Yule kijana alikuwa na mwaka mmoja tu barabarani. Na niliambiwa hilo mbele ya madereva wote, hicho ndo kilichoniuma, yaani wangeniita pembeni labda ningekubali.

Nikaenda nyumbani. Nikasema sipandi gari lingine, wakinitaka wanirudishie langu. Wakapiga simu sikupokea, wakamtuma fundi mkuu wa gereji, mzee tunayemheshimu sana wote, akaja mpaka sebuleni na maneno mazuri, wataniongezea mileji, yaani posho ya safari, watanilipa na siku nilizokaa, nikamwambia mzee wangu nakuheshimu ila kwa hili hapana. Siku kumi na nane hivyo hivyo. Mke wangu ananiangalia tu, unga unapungua ndani, mi nimekaa naangalia mpira.

Sasa kuna mtu nilikuwa natembea naye, nilimwita Braza kwasababu alinizidi miaka mitatu, ingawa kwenye gari mi ndo nilikuwa juu yake, mi dereva yeye utingo, leseni kubwa alikuwa nayo tayari ila hajapewa gari lake. Miaka sita tumelala kabini moja. Alikuwa anajua naanza kusinzia kabla mi mwenyewe sijajua, ananigonga goti anasema simamisha tunywe chai. Siku ya kumi na nane jioni akaja, akakaa pale mlangoni hataki kuingia, macho mekundu. Akasema madereva wawili wanaumwa, mzigo umelala, wateja wanalalamika, wenzetu wanabanwa wote kwa ajili yetu, na yeye ada ya mtoto inatakiwa. Kama wewe hutaki, niruhusu nikachukue mimi lile la zamani, wamesema nikikubali wananipa.

Nikamwambia nenda. Nikaingia ndani nikamtolea koti langu, lile zito la kaki lenye manyoya kwenye kola, kwasababu Makambako mwezi wa saba ni baridi ya kuingia kwenye mifupa na la kwake lilishachanika. Nikamwambia kitu kimoja tu, ukirudi na mzigo usishuke Kitonga usiku, lile gari breki ya injini haishiki vizuri, lala Ilula ushuke asubuhi. Kwa asiyeijua Kitonga ni mteremko mkali kule Iringa, kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima huku korongo, ukitoka Iringa mjini unaipita Ilula ndo unashuka mpaka Ruaha Mbuyuni. Akasema sawa mdogo wangu.

Hakulala Ilula. Safari nzima ilimnyookea, Kitwe alipakia siku hiyo hiyo, mpakani hakukaa foleni, nadhani ndo maana hakusimama, mtu mambo yakimnyookea hasimami. Alinipigia saa mbili usiku akiwa Ipogolo anacheka, anasema mdogo wangu hili bovu lako linatembea kuliko lile jipya. Saa sita usiku simu ikaita tena, namba nisiyoijua.

Asubuhi yake sikwenda Iringa kuufuata mwili wa Braza. Nilienda yadi na wili spana. Yule kijana alikuwa anafuta kioo, aliponiona akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa tairi, akasema kaka mi niliambiwa tu, mi sikuliomba hilo gari, nisamehe kaka. Nilimsikia vizuri kabisa, neno kwa neno. Nikampiga. Mkono wake ulivunjika mahali pawili. Nikalala mahabusu siku nne, na katika hizo siku nne Braza alipelekwa kwao Njombe akazikwa, mi sipo.

Hayo niyaache hapo kwanza. Mwaka 2021 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kukaa kwangu likizo ya chuo, anasoma fasihi, na alikuwa na kazi ya kulinganisha mashujaa wawili wa tenzi za kale, tabia zao na kilichokuwa kinawasukuma. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, basi usiku tukishakula ananisomea na kunigeuzia kwa Kiswahili, mi mwanzo nilikuwa nasikiliza kumfurahisha tu mtoto. Shuleni sisi tulimsoma Liyongo, aliyesalitiwa na mwanawe mwenyewe akachomwa sindano ya shaba kitovuni, ile ni hadithi ya usaliti na inaumiza sana. Hizi mbili ni za kufiwa. Sikujua kama kuna watu waliandika mambo haya zamani hivyo.

Wa kwanza Achilles, wa kwenye Iliad, utenzi wa Wagiriki wanaosema ni wa Homer, vitabu 24, wa karne ya nane hivi kabla ya Kristo. Mpwa wangu akasema Anko, neno la kwanza kabisa la utenzi huu ni hasira. Hasira yenyewe imetoka wapi? Mkubwa wao wa vita, Agamemnon, amelazimika kumrudisha binti mmoja mateka kwa baba yake, sasa anaona amepungukiwa, anamnyang'anya Achilles mwanamke aliyepewa kama zawadi ya vita, Briseis, na anafanya hivyo mbele ya jeshi zima. Achilles anasema maneno ambayo mi niliyasema karibu hivyo hivyo sebuleni kwangu, kwamba watu wa Troy, mji waliokuja kuupiga, hawajawahi kuniibia ng'ombe wala farasi, hii vita si yangu, nimekuja kwa ajili yako. Na baadaye anasema nimeteka miji 12 kwa meli na 11 kwa nchi kavu, mali zote namletea yeye aliyekaa nyuma kwenye meli, anagawa kidogo anabaki na kingi, mwoga na shujaa heshima yao ni ileile. Nikaruka kwenye kiti, nikasema huyo ni dereva! Huyo ni mwenzetu kabisa!

Mpwa wangu akanisimamisha hapo hapo. Anko, akasema, Briseis sio gari. Akanifungulia mbele sehemu ambayo huyo mwanamke analia, anasema mume wangu na kaka zangu watatu nimewaona wakiuawa, na aliyemuua mumewe ni huyu huyu Achilles anayelia kwamba amenyang'anywa. Nilinyamaza muda mrefu. Maana ni kweli, katika ile hasira yangu na mimi kulikuwa na watu sikuwaona kabisa, mmoja ni mke wangu na unga wake, mwingine ni yule kijana aliyepewa funguo na mjomba wake na hakuwa na uwezo wa kukataa.

Basi wakamtumia Achilles wajumbe watatu, Odysseus, Ajax na mzee Phoenix aliyemlea, na zawadi nyingi sana, dhahabu, farasi 12, na Briseis mwenyewe arudishwe. Akakataa. Hapo mpwa wangu akaniuliza kwa nini anakataa wakati alichonyang'anywa kinarudi. Nilimjibu kabla hajanisomea, kwamba pale kitu chenyewe kinakuwa kimeshatoka akilini, umebaki na ile sura ya watu wakikuangalia siku unaweka funguo mezani, na hakuna mileji ya kufuta hiyo.

Halafu ikafika sehemu ya Patroclus. Huyu ndo rafiki yake, na utenzi unasema alimzidi Achilles umri, ila cheo chake kiko chini. Anakuja analia, Achilles anamwambia unalia kama katoto ka kike kanakomkimbilia mama yake na kuvuta nguo yake kabebwe. Patroclus anasema wenzetu wanakufa, kama wewe hutaki basi nipe mimi silaha zako nivae niende. Na Achilles anampa, anamwambia wafukuze tu hao maadui watoke kwenye meli zetu halafu rudi, usiende mpaka kwenye kuta za Troy. Patroclus anaenda, mambo yanamnyookea, anaua, anawakimbiza, anafika mpaka ukutani. Hector, shujaa wa Troy, anamuulia pale, amevaa silaha za mwenzake.

Nikamwambia mpwa wangu weka kitabu chini. Nikatoka nje. Yeye hakuwa anaijua habari ya koti, hakuna mtu aliyekuwa anaijua zaidi ya mke wangu.

Wa pili ni Gilgamesh, na huyu ni wa zamani zaidi, alikuwa mfalme wa Uruk, kule Iraki ya sasa, habari zake ziliandikwa kwenye vibao vya udongo. Toleo linalosomwa zaidi lina vibao 12, na vingi vilifukuliwa Ninawi kwenye magofu ya maktaba ya mfalme Ashurbanipal miaka ya 1850, ila mpaka 1872 ndo Mwingereza mmoja George Smith akasoma hadharani London kipande cha gharika na watu wakashtuka kwasababu kinafanana na habari ya Nuhu. Mwanzoni Gilgamesh ni mtu mbaya, lazima tuseme, anawatesa watu wa mji wake mpaka wanailalamikia miungu, ndo miungu inamuumba Enkidu kwa udongo ili apate wa kupimana naye. Wanakutana mlangoni kwenye nyumba ya harusi, wanapigana mpaka nguzo za mlango zinatikisika, halafu wanakuwa marafiki. Marafiki wengi niliowapata mi barabarani tulianza kwa kugombania foleni mpakani, kwahiyo hilo halikunishangaza.

Kinachomsukuma Gilgamesh ni jina. Anataka kwenda Msitu wa Mierezi kumuua mlinzi wake Humbaba, Enkidu anamkataza, wazee wanamkataza, yeye anasema siku za binadamu zinahesabika, nikifa angalau nitakuwa nimeacha jina. Achilles naye anataka jina, mama yake alishamwambia ana njia mbili, akibaki vitani atakufa kijana na jina litabaki, akirudi nyumbani ataishi sana na jina litakufa. Lakini angalia tofauti, Achilles jina lake liko mikononi mwa watu wengine, wanaweza kulishusha mbele ya jeshi, ndo maana anaumia kirahisi hivyo. Gilgamesh yeye hajali wanamuonaje, ni mfalme nani atamnyang'anya, yeye anashindana na kifo chenyewe hata kabla hajakijua. Mmoja anatafuta heshima, mwingine anatafuta kutokufa. Huko mwanzoni wanafanana kwa juu tu, tofauti unaiona pale rafiki anapokufa.

Enkidu anakufa kwa ugonjwa, siku 12 kitandani, kwasababu miungu imeamua mmoja wao afe kwa kumuua Humbaba na Ng'ombe dume wa Mbinguni, mnyama wa miungu. Makosa waliyafanya wawili, akachaguliwa mmoja. Na hapa kuna kitu mpwa wangu alinionyesha mpaka nikasisimka, tenzi zote mbili, lugha tofauti, nchi tofauti, zinamfananisha mfiwa na simba. Gilgamesh anazunguka kitanda cha Enkidu kama simba jike aliyenyang'anywa watoto, anaenda anarudi, anaenda anarudi. Achilles anaguna juu ya mwili wa Patroclus kama simba ambaye mwindaji amemuibia watoto msituni na yeye amechelewa kufika. Amechelewa kufika, neno hilo liko kwa Achilles tu.

Maana Achilles ana hatia na anaijua, na anaisema kwa mdomo wake. Anamwambia mama yake heri nife sasa hivi, maana mwenzangu alinihitaji na mi sikuwepo. Hasemi Agamemnon kasababisha, hasemi Patroclus hakunisikia. Mama yake anamwambia ukimuua Hector na wewe unafuata, anasema sawa. Anakikimbilia kifo. Kijana mmoja wa Troy, Lycaon, anamshika magoti anaomba asamehewe, anamjibu kufa na wewe rafiki, Patroclus kafa na alikuwa bora kuliko wewe. Niliposikia hilo nilimuona yule kijana na mgongo wake kwenye tairi. Ndivyo ilivyo, unamuua mtu asiyehusika kwasababu anayehusika ni wewe na wewe hujifikii. Halafu anamuua Hector, anamfunga nyuma ya gari la farasi anamburuza, siku baada ya siku, na bado usiku halali, kitabu kinasema analala ubavu, mara chali, mara kifudifudi, anaamka anatembea ufukweni. Mi nilipotoka mahabusu nililala hivyo hivyo. Nilishapiga, nilishavunja, na Kitonga iko palepale.

Lakini ya Achilles kwangu haikudumu, na hili ndo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Baada ya kama wiki tatu hatia iliondoka ikaja hofu. Niliacha kazi, nikapanda magari ya watu, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, mpaka Kigoma, nalala gesti za bei rahisi taa inawaka. Kila kliniki niliyoiona niliingia kupima presha. Moyo ukienda mbio kidogo najua ndo leo. Na kila anayenikuta anasema mbona umekonda hivyo, namhadithia habari ya Braza, kila mtu, muuza chai, mlinzi wa gesti, na wote wananipa pole wanasema kweli ulimpenda mwenzako. Nilikuwa naipokea ile pole. Ila kiukweli nilikuwa simlilii Braza. Mke wa Braza yuko Dar na watoto wawili na sijampelekea hata kilo ya sukari, nilikuwa najililia mimi.

Huyo ndo Gilgamesh, mtupu. Amekaa na maiti siku sita usiku saba hataki izikwe, mpaka funza akadondoka puani, na hapo ndo anapokimbia. Anavaa ngozi ya simba anazurura nyikani anasema na mimi si nitakufa kama Enkidu? Anamtafuta Utanapishti, mtu aliyepona gharika akapewa uzima usioisha yeye na mkewe, ampe siri. Kila anayekutana naye, mwanamke muuza pombe Siduri, mwenye mtumbwi Urshanabi, anamuuliza mbona mashavu yamebonyea, na yeye anahadithia maneno yaleyale, yaleyale, hata mpwa wangu alitaka kuruka kurasa nikamwambia usiruke, soma, ndivyo mtu anavyokuwa. Anasema kifo kimekaa chumbani ninapolala. Mi najua anachosema. Kimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

Kuna maneno Siduri anamwambia, yako kwenye toleo la zamani zaidi, kwamba unachokitafuta hutakipata, shiba, vaa nguo safi, oga, mtazame mtoto anayekushika mkono, mpe mkeo furaha. Mke wangu alikuwa ananiambia karibu hivyo kwenye simu kila siku, mtoto anauliza nani atamvusha barabara kwenda shule, alikuwa na miaka mitano, alizoea kunishika kidole hiki cha mwisho. Nilikuwa namsikia na nasafiri mbele. Gilgamesh naye alimsikia Siduri na akavuka maji.

Kule kwa Utanapishti anaambiwa kama unataka kukishinda kifo anza na usingizi, kaa macho siku sita usiku saba. Akakaa tu chini akalala. Mke wa Utanapishti akawa anaoka mkate kila siku anaweka kichwani pake, ili akiamka asibishe, na alipoguswa kweli akasema nimesinzia sasa hivi tu, wakamwambia hesabu mikate, wa kwanza umekauka mgumu, mwingine umeota ukungu, wa mwisho bado uko kwenye makaa. Nimeipenda hiyo mikate kuliko kitu chochote kwenye tenzi zote mbili. Mi niliporudi nyumbani nilikuta daftari la mwanangu la kuandika, nililoliacha ana herufi a tu, kurasa nzima a, sasa anaandika jina lake lote. Nikapiga mahesabu, miezi mitano.

Nilirudi kwasababu mke wangu alipiga akasema rudi, kuna mgeni, mzee, ametoka Njombe na basi, anasema haondoki mpaka akuone. Nilijua ni nani. Kutoka Kigoma ilinichukua siku mbili, na siku mbili zote nilikuwa napanga maneno, nilijua amekuja kunilaani, na nilikuwa tayari.

Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mzee mwembamba, pembeni gunia dogo la viazi na mfuko. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Akasema nimekuja kumwona mwenye koti. Akatoa kwenye mfuko koti langu, limefuliwa, limepigwa pasi, kiwiko kilichochanika kwenye ajali kimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ya mkono. Mama yake ndo alishona. Akasema mwanangu alinipigia akiwa Makambako, akaniambia baba leo sisikii baridi, mdogo wangu kanipa koti. Nimesema kabla sijafa nimjue huyo mdogo wake.

Akanishika mkono huu wa kulia, uleule. Mi nikaanza kulia, yeye akalia, na sidhani kama tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, maana aliponiuliza baba yako yupo nikakumbuka baba yangu yuko Korogwe na sijaenda kumuona mwaka wa tatu. Mke wangu akaleta ugali na dagaa. Sikuwa nakula vizuri muda mrefu. Mzee akanawa akasema tule, na tukala.

Miaka minne baadaye mpwa wangu ananisomea kitabu cha mwisho cha Iliad, mzee Priam baba yake Hector anaingia usiku kwenye hema la Achilles, anabusu mikono iliyowaua watoto wake, anasema mkumbuke baba yako. Wanalia wote wawili, mmoja analia mtoto, mwingine analia baba na Patroclus. Halafu Achilles anasema hata Niobe aliyefiwa na watoto 12 alikumbuka kula, tule. Na anampa maiti ya mwanawe na siku za kuzika. Ni kweli wa kwangu hakuja kuchukua kitu, alikuja kuleta, na mi sikumuua mwanawe kwa mkono wangu. Lakini nilimwambia mpwa wangu andika kwenye kazi yako hivi, kwamba kumuua Hector hakukumfanya Achilles alale, na Gilgamesh mmea wa ujana alioutoa chini ya maji uliibiwa na nyoka wakati anaoga, kwahiyo walichokuwa wanakifukuza hakikumsaidia hata mmoja wao. Achilles alisaidiwa na mzee aliyekuja mwenyewe. Gilgamesh hakuna aliyemfuata, alirudi kwa miguu yake mpaka Uruk akamwambia mwenye mtumbwi panda juu ya ukuta, tembea, angalia matofali. Safari yake ndo inaishia hapo, anaonyesha matofali.

Mpwa wangu aliandika kwamba Achilles alipenda zaidi. Nakubaliana naye, na sikufurahi kukubaliana naye, maana anayebeba hatia yake anamuona aliyekufa, anayeogopa anajiona mwenyewe. Lakini Achilles hakurudi nyumbani. Kwenye utenzi mwingine, Odyssey, roho yake inasema huko kuzimu kwamba heri ningekuwa kibarua wa maskini nikiwa hai kuliko kuwa mfalme wa wafu wote.

Mzee alikaa kwangu siku tatu. Siku ya pili akasema anataka kuona mahali mwanawe alipokuwa anafanya kazi. Sikutaka, nilikuwa sijakanyaga pale tangu siku ya spana, ila mzee akisema utafanyaje. Tukaenda. Kichwa cha lile gari bovu kilikuwa kimewekwa nyuma ya gereji, hakina kioo. Akapanda, nikamsukuma kidogo kiunoni, akaingia mpaka nyuma kwenye kitanda, akakigusa godoro, akauliza alikuwa analala upande gani. Nikamwambia ukutani, mi nje. Akakaa pale kidogo.

Tuliposhuka yule kijana alikuwa amesimama. Akasema shikamoo mzee. Mzee akaitikia, akaniuliza huyu nani. Kimya. Fundi mkuu ananiangalia, madereva wananiangalia, walewale. Nikasema baba, huyu siku ile mwanao alipokufa nilimvunja mkono, na hakuwa na kosa.

Mzee hakuniangalia mimi. Akamuuliza kijana, umepona? Akasema nimepona mzee. Akamwambia hebu nione. Akaushika ule mkono, akaukunja taratibu, akaukunjua, akaukunja tena.